Mshauri anataka kubadili mada ya mradi wa wanafunzi wangu. Nimfuate, au tubaki na majivu yetu?

Mwl_wa_Kongwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu na Young Scientists Tanzania, yale mashindano ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, au yeyote aliyewahi kulea mradi wa utafiti wa wanafunzi wa sekondari huku kukiwa na mtaalamu wa nje.

Nafundisha baiolojia na kemia shule ya kata huku Kongwa, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima au wa wapakiaji wa pale sokoni, kwa hiyo habari za mahindi wananizidi. Nina timu ya kidato cha tatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, na mada waliileta wenyewe. Bibi wa mmoja wa wasichana hao huhifadhi mahindi kwa kuchanganya majivu ya jikoni na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Dawa ya dukani hanunui, na mahindi yake yanavuka mwaka bado yako sawa. Jirani yake anapiga dawa na bado anaishia kufagia unga. Wakauliza: bibi anafanya nini ambacho jirani hafanyi? Huyo binti ndiye aliyenionyesha kuweka sikio kwenye gunia. Kukiwa kimya unawasikia kabisa wanavyotafuna.

Tukapata mshauri, mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu kimoja. Muungwana sana, simu anapokea, na alipokuja kututembelea hakudai nauli. Tatizo ni kwamba baada ya kusoma pendekezo letu amesema mada ya majivu imeshachoka, imefanywa na wengi. Anataka majani yapelekwe maabara ya chuo, kemikali ikamuliwe kwa kimiminika maalumu, ipimwe kwenye mashine, halafu vijana waje na grafu. Anasema majaji wanapenda mambo ya kisasa.

Mkuu wa shule amefurahi, ameshaanza kuona kombe ofisini. Watoto wamenyamaza. Nilimwita yule binti pembeni nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Mwalimu, hiyo mashine nitaielezaje?"

Sasa naomba kujua: majaji huwa wanaangalia nini hasa? Nimwambieje mtaalamu bila kumvunjia heshima? Na je, jaribio letu linatosha kuitwa sayansi? Mpango wetu ni ndoo mbili, moja ina mchanganyiko wa bibi, nyingine mahindi matupu. Tunatia wadudu kila ndoo, baada ya siku tatu tunahesabu waliokufa.

---

dada_wa_bango

Shikamoo mwalimu. Mimi nilishiriki nikiwa sekondari, sasa niko chuo, kwa hiyo nitajibu hilo la majaji tu, mengine wapo wakubwa watasema.

Pale kwenye maonyesho Dar mnasimama mbele ya bango lenu, jaji anakuja, mnaeleza, anauliza, anaondoka. Baadaye anakuja mwingine, na huyo anauliza kwa namna yake. Sisi mmoja wao hata bango hakulitazama. Alisema, "Nipeni daftari." Daftari letu lilikuwa la kaunta, limechafuka, kuna ukurasa ulimwagikiwa chai. Alilifungua katikati akaweka kidole kwenye namba moja iliyokatwa na kuandikwa upya, akauliza nani aliikata na kwa nini. Mwenzangu akaeleza kwamba mizani ilikuwa haijarudishwa sifuri, wakapima tena. Yule mzee akacheka, akakaa na sisi muda mrefu kuliko majaji wote.

Jirani zetu walikuwa na picha za hadubini kali sana, zilizopigwa chuoni. Bango zuri, kila mtu anapita pale kupiga selfi. Wakaulizwa ule mstari mdogo wenye namba chini ya picha unamaanisha nini. Wakatazamana. Mwalimu, hata mimi niliona aibu kwa niaba yao, kwa sababu ni watoto wenye akili, ila kazi haikuwa yao.

Mwambie na mkuu wa shule kwamba kombe ni kitu kidogo. Washindi wakubwa wamekuwa wakipata ufadhili wa kusoma chuo kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Hilo ndilo la kuwapigania watoto, na halipatikani kwa grafu ya kupewa.

---

MzeeWaGhala

Mwalimu, nimestaafu kwenye utafiti wa hifadhi ya nafaka, na mpaka leo naletewa vijana wa sekondari nyumbani, wanakaa barazani na chupa zao za wadudu, mama watoto analalamika. Kwa hiyo ngoja nianze na jaribio lenyewe, maana ndilo lenye matatizo. Huyo mtaalamu tutamfikia.

Ndoo mbili hazitoshi. Mahindi ya ndoo ya kwanza yakipona, utasema ni majivu au ni mwarobaini? Bibi hana haja ya kujua, yeye anataka ugali. Vijana ndio wanaotakiwa kujua. Gawanyeni makundi matano: mahindi matupu, mahindi na majivu, mahindi na mwarobaini, mahindi na vyote viwili, na mahindi yaliyopigwa dawa ya dukani. Kila kundi lipate mitungi minne, jumla ishirini. Chupa za plastiki hapana, nitaeleza kwa nini. Kila mtungi gramu 250 za mahindi, na kwenye makundi ya majivu au mwarobaini ongezeni gramu 5 za unga wake. Kwenye kundi la mchanganyiko weka gramu 2.5 za majivu na 2.5 za mwarobaini, jumla ibaki ileile 5. Ukiweka 5 kwa 5 umeongeza dozi mara mbili, jaji mwenye macho atakuuliza hapohapo. Dawa ya dukani yenyewe fuateni kipimo cha pakiti, na hilo kundi wewe mwalimu ndiye uchanganye, na glavu na barakoa. Mahindi hayo yasiliwe baadaye, wala kuku wasipewe.

Kisha, wadudu gani? Hapa ndipo vijana wengi wanapoumbuka. Kongwa mtakuta fukusi na dumuzi humohumo kwenye gunia. Fukusi ana mdomo uliochongoka mbele, unauona hata kwa macho matupu. Dumuzi hana, kichwa chake kimeinamia chini, ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma mwili umekatika kama amesawazishwa kwa panga. Wazee wengine wanamwita skania. Huyu ni mgeni, asili yake Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndiye anayeacha unga mwingi. Anatoboa mbao, anatoboa plastiki, ndiyo maana nikasema chupa hapana. Tumieni mitungi ya kioo, na mfuniko uwe wa wavu wa waya laini. Kitambaa atakitoboa usiku mmoja.

Kuna dawa za unga zenye viambato viwili, Actellic Super kwa mfano: pirimiphos-methyl kwa ajili ya fukusi, permethrin kwa ajili ya dumuzi. Viliwekwa viwili kwa sababu kinachomuua mmoja vizuri hakimwezi mwenzake vizuri. Sasa jirani wa bibi anapiga dawa gani, ya mdudu yupi, na ameinunua lini? Vijana wamwulize. Swali lao la mwanzo lilikuwa juu ya watu wawili, bibi na jirani, nyie mmeshamsahau jirani.

Siku tatu ni chache mno. Majivu yanamkwangua mdudu ile nta ya juu ya ngozi, maji yanamtoka, anakauka. Hiyo mtaiona mapema kiasi. Mwarobaini hauko hivyo. Kazi yake kubwa ni kumvuruga mdudu asile vizuri na asikue, haui papo kwa papo. Mkihesabu maiti siku ya tatu mtaandika kwamba mwarobaini haufai, na mtakuwa mmeusingizia. Fanyeni hivi: wekeni wadudu 20 kila mtungi, hesabuni waliokufa siku ya 3, ya 7 na ya 10, halafu watoeni wote, wazima na wafu. Mitungi ibaki imefunikwa. Mayai yako ndani ya punje. Kwa joto la huko, fukusi wapya wanaanza kutoka baada ya wiki tano hivi. Hesabuni watoto hao hadi wiki ya nane. Namba hiyo ndiyo inayomhusu bibi, maana kinachomaliza ghala ni kizazi kinachofuata. Majani nayo anikeni kivulini, kwani jua linaiharibu ile kemikali yenyewe. Mkipata mbegu za mwarobaini ni bora zaidi, zina nguvu kuliko majani, ila kama bibi anatumia majani, pimeni majani.

Kabla ya yote, mahindi yenyewe yasiwe na mayai ya zamani. Tafuteni mwenye friza pale sokoni, hata wa kuuza juisi, mahindi yakae humo wiki nzima kwenye mfuko uliofungwa, kisha yatoeni yakauke vizuri. Kipima unyevu hamna, najua. Chukueni chupa ya kioo kavu, tieni mahindi robo, kijiko cha chumvi kavu, tikiseni dakika chache, muache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Ikibaki inateleza, endeleeni.

Mtakuta na wadudu wanakufa kwenye mahindi matupu. Msiogope. Kuna kanuni ya Abbott, ya mwaka 1925, mtoto wa kidato cha tatu anaiweza: toa asilimia ya vifo vya mahindi matupu kwenye asilimia ya vifo vya dawa, gawanya kwa mia ukitoa vifo vya mahindi matupu, zidisha kwa mia. Wakifa 10 kwa mia kwenye matupu na 64 kwa mia kwenye majivu, unapata 54 kugawanya kwa 90, yaani asilimia 60. Anayehesabu asijue mtungi ni wa kundi gani. Wapeni namba, mwenye orodha awe mwingine.

Haya, mtaalamu. Mwalimu, huyo bwana hana ubaya. Wengi wetu tuliotoka chuoni tunadhani kumsaidia mtoto ni kumpandisha kwenye gari letu. Usimkatalie. Mpe kazi anayoiweza kuliko nyie: aje na hadubini awathibitishie fukusi ni yupi na dumuzi ni yupi, aukague mpango kabla hamjatia mdudu hata mmoja, na siku za mwisho awahoji vijana kama jaji mkali. Mashine yake, kama anapenda sana, ipime sampuli ya majani ya bibi kwa nyongeza, na kwenye bango iandikwe wazi kwamba kipimo hiki kilifanywa chuoni na mshauri. Kule Marekani kwenye ISEF, maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya wanafunzi, mwanafunzi akifanyia kazi kwenye maabara ya chuo, mkubwa wa maabara anajaza fomu ya kueleza mwanafunzi alifanya nini kwa mkono wake na alisaidiwa nini. Msaada si dhambi, ilimradi uonekane.

Na hilo la mada kuchoka, mkumbushe Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu kwenye friza la shule. Akaweka maziwa yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Kuuliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha akaja Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka chuo cha Dar. Kijana akauliza tena mbele ya watu, wenzake wakamcheka. Osborne angeweza kumpa swali la kisasa zaidi. Alirudi Dar akaagiza lijaribiwe hilohilo la maji ya moto na ya baridi, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Mpaka leo wanafizikia wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima wakasema hawaioni hiyo athari. Sawa, wabishane. Swali la maziwa ya shuleni limewatafuna watu zaidi ya miaka hamsini, na Osborne kazi yake ilikuwa kulichukua kama lilivyo na kulipima.

---

Mwalimu_Rift

Salamu kutoka Nakuru, mwalimu mwenzangu. Sisi huku tuna Kenya Science and Engineering Fair. Unaanzia shuleni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Nakubaliana na Mzee kuhusu jaribio, ila kuhusu mshauri nina neno tofauti kidogo.

Tusimwogope mtaalamu kupita kiasi. Sisi wa shule za kutwa tunajivunia sana umaskini wetu wakati mwingine. Ndugu Peter Tabichi wa shule ya Keriko, kwenye kijiji kiitwacho Pwani huku kwetu Nakuru, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, watu walishika ile habari ya shule kuwa na kompyuta moja na intaneti mbovu, wakaona ni hadithi tamu. Wanafunzi wake walifika ISEF kule Arizona kwa kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Kilichonigusa mimi ni kwamba kifaa kilimlenga mtu anayejulikana na shida inayojulikana. Lakini sidhani kama wangepewa nafasi ya maabara nzuri wangeikataa.

Kwa hiyo huyo binti akisema "mashine nitaielezaje", mimi nisingeishia kumwondolea mashine. Ningemwuliza huyo daktari wa chuo, mshauri wenu: unaweza kumfundisha asubuhi moja mpaka aielewe? Akisema ndiyo, apelekwe chuoni, aishike, aondoe woga. Akisema haiwezekani kwa mtoto wa miaka kumi na sita, basi amejijibu mwenyewe kama inaufaa mradi huu au la. Wasichana wetu wengi hawajawahi kuingia maabara ya chuo, na safari hiyo peke yake inaweza kuamua atasoma nini.

---

Mwl_wa_Kongwa

Asanteni sana wakuu. Nimechapisha jibu la Mzee nimewasomea vijana darasani. Mvulana ameshachora jedwali la mitungi ishirini ubaoni, na yule binti ameenda kumhoji jirani wa bibi. Amerudi na pakiti yenyewe. Tarehe ya mwisho wa matumizi imefutika, na jirani anasema huwa ananunua ya kupimiwa kwa kijiko sokoni, kwenye karatasi. Kwa hiyo hata jina la dawa hana uhakika nalo. Wameshaanza kuulizana kama hiyo si mada ya pili.

Nimeongea na daktari kwa simu, nimetumia maneno ya Mwalimu wa Nakuru karibu yote. Alinyamaza kidogo, akasema mashine yenyewe hata wanafunzi wake wa shahada ya kwanza huwa hawaigusi mpaka mwaka wa tatu. Amekubali kuja na hadubini. Ila amesisitiza tuongeze kundi la sita, mfuko usiopitisha hewa kama ile ya PICS, kwa sababu wakulima wengi wanahamia huko. Mzee, unasemaje? Na wavu wa mfuniko niupate wapi, fundi wa madirisha anao ule wa kuzuia mbu.

---

MzeeWaGhala

Wavu wa mbu wa waya unafaa, ukunje mara mbili matundu yapishane, maana dumuzi ni mwembamba. Wa nailoni usiuguse.

Kundi la sita, hapana, si kwa mwaka huu. Mfuko ule unaua kwa kukata hewa, wadudu wanatumia oksijeni iliyomo mpaka inaisha. Ukiufungua kila mara kuhesabu waliokufa umeingiza hewa na jaribio limekwisha. Utahitaji mifuko tofauti kwa kila siku ya kuhesabu, na watoto wana mitungi ishirini ya kuangalia pamoja na mitihani. Mwambie daktari wazo lake ni zuri na ndilo mradi wa kidato cha nne.

Ile pakiti ya jirani msiitupe. Ibandikeni kwenye daftari, andikeni tarehe na nani aliileta. Halafu muwaulize wauzaji wa pale sokoni, kwa heshima, kila mmoja kivyake na bila kuandika jina lake, dawa wanayopima kwa kijiko wameitoa kwenye kopo gani.